Kutafuta nasaba katika parokia ya kijijini Uingereza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyokusanywa hapa huulizwa tena na tena na wasomaji wa Kiswahili ambao babu, bibi au mkwe wao alitoka katika kijiji fulani cha Uingereza: wajukuu wa walowezi, wa wamisionari na wa askari, pamoja na watu wa kwetu waliooa au kuolewa huko. Majibu yanahusu Uingereza yenyewe na kwa sehemu kubwa Wales. Uskoti na Ireland zina sheria na nyaraka za aina nyingine, kwa hiyo hazikuguswa.

## Mambo ya mwanzo

1. Parokia ni nini hasa, na ina tofauti gani na kijiji?

Parokia ni eneo lenye mipaka inayojulikana, lililo chini ya kanisa moja la Kianglikana na kasisi wake. Kuanzia karne ya 16 hadi ya 19 eneo hilohilo lilikuwa pia serikali ya mtaa: lilitoza kodi ya kuwatunza maskini, lilitengeneza barabara na lilimteua konstebo. Ndiyo maana nyaraka za parokia huzungumzia fedha mara nyingi kuliko sala, jambo ambalo ni bahati kubwa kwa mtafutaji (tazama swali la 11).

Parokia moja inaweza kuwa na vijiji kadhaa. Mashariki, kama kule Norfolk, parokia ni ndogo na makanisa yamekaribiana sana. Kaskazini, kama Lancashire na Yorkshire, parokia moja ilibeba vijiji vingi, na vile vya mbali vikapewa makanisa madogo yenye rejista zao wenyewe. Andika daima jina la parokia pamoja na kaunti yake ya zamani, kwa sababu mipaka ya kaunti ilibadilishwa mwaka 1974, na majina kama Sutton na Norton yamejirudia kila pembe ya nchi.

2. Nina jina la babu tu na neno «Devon». Nianzie wapi?

Anzia kwako mwenyewe, kisha rudi nyuma kizazi kimoja kimoja. Devon ina mamia ya parokia, na kuingia humo ukiwa na jina tupu ni kutafuta sindano katika shehena ya karafuu. Kwanza pekua yaliyomo nyumbani: cheti cha ndoa, pasipoti ya zamani, barua, maandishi nyuma ya picha, ukurasa wa mbele wa Biblia ya familia. Waulize wazee kabla ya kuiuliza mashine, na uandike maneno yao kama walivyoyatamka, hata pale unapohisi wamekosea.

Kama babu huyo alioa au alibatiza mtoto Afrika Mashariki, rejista ya kanisa la huku inaweza kumtaja baba yake. Kusudi la hatua hii ni kupata tukio moja lenye tarehe na mahali nchini Uingereza, hata likiwa moja tu.

3. Nimeona jina kamili la babu yangu mtandaoni, na mwaka unalingana. Je, ndiye?

Pengine siye. Hili ndilo jibu linalowaudhi wengi, lakini ndiyo kazi yote ilivyo. Katika kijiji cha karne ya 18 majina machache ya ubatizo, kama John, William, Thomas, Mary, Ann na Elizabeth, yaligawanywa kwa karibu kila mtu. Ndugu wawili waliokaa parokia moja, kila mmoja akimpa mwanawe wa kwanza jina la babu yao, walizalisha watu wawili wenye jina lilelile, umri uleule na kazi ileile. Kupata jina ni rahisi. Kazi ni kuwaondoa wengine wote wenye jina hilo.

Kwa hiyo kusanya kila mwenye jina la ukoo huo katika parokia na katika parokia jirani, kisha mfuate kila mmoja hadi mwisho wake. Mtoto uliyemchagua huenda alizikwa akiwa na miezi mitatu. Makosa mengi yaliyo mtandaoni yamejengwa juu ya vichanga waliofariki. Anayebaki baada ya wenzake kuondolewa, akaungwa mkono na nyaraka ya aina nyingine (sensa, wosia, hati ya makazi ya swali la 11), huyo ndiye unayeweza kumwandika kwa wino.

Usikataliwe wala usikubaliwe na tahajia peke yake. Karani aliandika alichokisikia, na mwenye jina mara nyingi hakujua kusoma. Clark, Clarke, Clerk na Clerke wanaweza kuwa mtu mmoja ndani ya miaka kumi.

## Rejista za kanisa

4. Rejista zinaanza mwaka gani, na zinaeleza nini?

Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII, aliagiza mwaka 1538 kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Mengi yaliandikwa kwenye karatasi ovyo, hadi mwaka 1598 ilipoamriwa yanakiliwe kwenye ngozi, hasa kuanzia mwanzo wa utawala wa Elizabeth I. Ndiyo sababu rejista nyingi zinaanza mwaka 1558: nakala hazikurudi nyuma zaidi.

Mwanzoni maelezo ni finyu: jina, tarehe, na pengine jina la baba. Mambo yanaboreka kwa hatua mbili. Sheria ya ndoa iliyoanza kutumika tarehe 25 Machi 1754 ililazimisha ndoa zifungwe katika kanisa la Kianglikana, isipokuwa za Wakweka (dhehebu la Marafiki) na za Wayahudi, baada ya kutangazwa kanisani au kwa leseni, na maharusi pamoja na mashahidi wawili waweke sahihi au alama. Watazame sana mashahidi hao, maana mara nyingi ni ndugu. Kisha kuanzia tarehe 1 Januari 1813 zililetwa fomu zilizochapwa: ubatizo ukataja wazazi wote wawili, makazi na kazi ya baba, na maziko yakataja umri na makazi ya marehemu.

5. Rejista hizi ziko wapi leo? Je, nimwandikie kasisi?

Kwa kawaida hapana. Chini ya kanuni ya Kanisa la Uingereza ya mwaka 1978, rejista zenye umri wa zaidi ya miaka mia hupelekwa katika hifadhi ya nyaraka ya kaunti, labda parokia ithibitishe kwamba ina mahali salama pa kuzitunza. Kasisi wa leo huenda anahudumia makanisa sita na hana hata ufunguo wa kabati unaloliwazia.

Ukiwa Mombasa au Muscat, anza na FamilySearch, tovuti ya bure ya kanisa la Wamormoni la Marekani, na FreeREG, inayojazwa na watu wa kujitolea. Tovuti za kulipia zina picha za rejista za kaunti nyingi, lakini kila kaunti imeingia mkataba na kampuni yake, hivyo angalia kwanza kaunti yako iko wapi kabla ya kutoa pesa. Faharasa ni njia tu ya kufika. Picha ya ukurasa wenyewe ndiyo ushahidi. Aliyenakili huenda aliruka mstari, au aliacha neno dogo pembeni kama «mjane» au «wa parokia nyingine», na neno hilo ndilo ulilokuwa ukilitafuta.

6. Kuna pengo la miaka mingi. Je, ndiyo mwisho?

Si lazima. Tangu mwaka 1598 kila parokia ilitakiwa kumpelekea askofu nakala ya matukio ya mwaka mzima, na nakala hizo za askofu zinaweza kuziba pale ambapo rejista yenyewe iliungua, iliibwa au ililiwa na panya. Wakati mwingine nakala ina maelezo ambayo rejista haina. Soma zote mbili zikiwapo.

Pengo la miaka ya 1640 na 1650 ni ugonjwa wa nchi nzima. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1642 viliwafukuza makasisi wengi, uaskofu ukafutwa na nakala zikakoma, na kuanzia mwaka 1653 kazi ya kuandika ilikabidhiwa karani wa kiraia huku ndoa zikifungwa mbele ya hakimu. Ufalme, uliokuwa umeondolewa baada ya vita hivyo, uliporudishwa mwaka 1660 utaratibu wa zamani nao ulirudi, lakini yaliyopotea katikati hayakurudi.

7. Siwezi kusoma mwandiko, na maneno ni ya Kilatini. Nifanyeje?

Kilatini kiliondolewa katika nyaraka za mahakama mwaka 1733, na rejista nyingi za vijijini zilikuwa zimekwisha kukiacha kabla ya hapo. Kinachohitajika ni maneno machache: *baptizatus* ni aliyebatizwa, *sepultus* ni aliyezikwa, *filius* ni mwana, *filia* ni binti, *uxor* ni mke, *vidua* ni mjane. Majina nayo huvishwa nguo: Gulielmus ni William, Jacobus ni James, Johannes ni John.

Kuhusu mwandiko, usianze na ukurasa mgumu. Anza na karne ya 19 katika parokia ileile ili uyazoee majina ya koo na ya mashamba, kisha rudi nyuma polepole. Mwandiko wa kasisi mmoja ukishakaa jichoni, utausoma kwa miaka yote thelathini aliyohudumu.

8. Kwa nini tarehe imeandikwa 12 Februari 1724/5?

Kwa sababu hadi mwaka 1751 mwaka wa kisheria ulianza tarehe 25 Machi, si 1 Januari. Februari iliyoandikwa 1724 kwa hesabu yao ni Februari 1725 kwa hesabu yetu. Mtoto aliyebatizwa Aprili 1724 na ndugu yake aliyezikwa Februari 1724 wanafuatana vizuri kabisa. Nakili kama ilivyo, kwa miaka yote miwili. Mwaka 1752 kalenda yenyewe ilibadilishwa, na baada ya tarehe 2 Septemba ikafuata tarehe 14.

9. Tarehe ya ubatizo ni tarehe ya kuzaliwa?

La. Mara nyingi ubatizo ulifuata ndani ya wiki chache, lakini wapo waliobatizwa wakiwa na miaka mitano au hata kabla tu ya kuoa, na zipo familia zilizowapeleka watoto wanne siku moja. Kati ya mwaka 1783 na 1794 serikali ilitoza peni tatu kwa kila tukio lililoandikwa, huku maskini wakisamehewa. Baadhi ya wazazi waliwahi kabla ya kodi kuanza, wengine wakangoja iondoke, na wengine ghafla wakawa maskini kwenye rejista ilhali kwenye nyaraka nyingine wana ng'ombe.

## Vyeti na sensa

10. Vyeti vya serikali na sensa vinasaidia kuanzia lini?

Serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837. Kizazi kingeweza kukosa kusajiliwa bila adhabu hadi mwaka 1875, kwa hiyo kukosekana kwa cheti si ajabu. Wilaya za usajili hazilingani na parokia. Faharasa ya ofisi kuu ya usajili inaonyesha jina la ukoo la mama tangu 1837, nalo husaidia sana kuwatenganisha wale kina John wa swali la 3. Cheti cha ndoa hutaja baba wa kila mmoja na kazi yake. Mama walianza kutajwa mwaka 2021 tu.

Sensa zenye majina zinazosomeka leo ni za kila miaka kumi kuanzia 1841 hadi 1921. Ile ya 1841 ina mitego: kwa waliozidi miaka 15 umri ulitakiwa kushushwa hadi kigawe cha 5, hivyo mwenye miaka 39 huonekana 35, uhusiano wa watu wa nyumba moja haukuandikwa, na mahali pa kuzaliwa ni ndiyo au hapana tu, kama ni ndani ya kaunti. Sensa ya 1851 ndiyo ya kwanza kutaja parokia ya kuzaliwa, kwa hiyo mtu aliyeishi hadi wakati huo ni daraja la thamani kubwa. Sensa ya 1931 iliungua mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo huzibwa na orodha ya wakazi iliyofanywa Septemba 1939, ingawa wanaoweza kuwa hai bado wamefichwa.

## Maskini, ardhi na wosia

11. Wazee wangu walikuwa vibarua wa shamba. Je, kuna chochote juu yao zaidi ya majina?

Kipo, na pengine kingi kuliko cha jirani yao mwenye duka. Katika sensa utakutana na kifupi «Ag. Lab.» ukurasa baada ya ukurasa, yaani kibarua wa shamba, na wengi hukata tamaa hapo. Lakini maskini aligharimu fedha, na penye fedha pana maandishi.

Sheria ya mwaka 1601 iliifanya kila parokia iwatunze maskini wake kwa kodi. Swali likawa: maskini wake ni nani? Sheria ya makazi ya mwaka 1662 na zilizofuata zilijibu kwamba mtu hupata haki ya kutunzwa mahali kwa kuzaliwa na baba mwenye haki hapo, kwa uanagenzi, kwa kuajiriwa mwaka mzima akiwa hajaoa, au kwa kupanga nyumba au shamba la pauni 10 kwa mwaka. Mwanamke alifuata haki ya mumewe. Wakulima wakajifunza kuajiri kwa wiki 51 ili kijana asipate haki hiyo kwao.

Familia ilipoomba msaada, mahakimu wawili walimhoji baba chini ya kiapo: alizaliwa wapi, alimtumikia nani, kwa mshahara gani, alioa wapi, ana watoto wangapi. Mahojiano hayo ni wasifu mfupi wa mtu ambaye hakujua kuandika jina lake, na sijui nyaraka inayoyashinda. Ikionekana si wa hapo, ilitolewa hati ya kumrudisha yeye na watoto wake, ikitaja jina na umri wa kila mmoja. Daftari za wasimamizi wa maskini nazo huorodhesha jozi ya viatu, mzigo wa kuni, ujira wa mkunga, jeneza.

Nyaraka hizi zilikaa katika sanduku la parokia, na sasa nyingi ziko katika hifadhi ya kaunti, mara nyingi bila kuwekwa mtandaoni, kwa hiyo itabidi uagize nakala. Baada ya mwaka 1834 parokia ziliunganishwa na kujenga nyumba za maskini za pamoja, na wazee wengi wa kijijini walifia humo. Angalia rejista za nyumba hizo kama mzee hayumo katika maziko ya parokia yake.

12. Naweza kujua waliishi nyumba gani na kulima shamba lipi?

Mara nyingi ndiyo, kwa ramani za zaka. Sheria ya mwaka 1836 iligeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, na kwa ajili hiyo sehemu kubwa ya nchi ilipimwa katika miaka iliyofuata. Kila kipande kina namba, na jedwali linaloambatana nalo hutaja mwenye ardhi, anayekaa hapo, jina la shamba na matumizi yake. Iweke ramani hiyo kando ya sensa ya 1841 na majirani watajipanga wenyewe. Kibarua aliyepanga kwa mkulima anaweza asitajwe, kwa kuwa mkulima ndiye aliyewajibika.

13. Wosia unapatikana wapi?

Kabla ya tarehe 12 Januari 1858 mirathi ilithibitishwa na mahakama za kanisa, kuanzia ya shemasi mkuu hadi ya askofu mkuu wa Canterbury au York, kutegemea mali ilikuwa wapi. Za Canterbury ziko katika Hifadhi ya Taifa, Kew. Nyingine nyingi ziko katika kaunti. Baada ya tarehe hiyo kuna ofisi moja ya kiraia, yenye faharasa ya kila mwaka. Kabla ya mwaka 1883 mwanamke aliyeolewa aliandika wosia kwa nadra, kwa hiyo za wanawake karibu zote ni za wajane na wasioolewa. Soma hizo kwa makini, maana shangazi asiye na mtoto huwataja wapwa wote kwa majina.

## Mambo magumu

14. Ubatizo wa babu haupatikani katika parokia aliyoishi. Alitoka wapi?

Labda hakutoka mbali. Vijana wa kike na wa kiume waliajiriwa kwa mwaka katika masoko ya vibarua ya msimu, mara nyingi baada ya mavuno, na walihama bwana baada ya bwana ndani ya mwendo wa nusu siku. Chora duara la maili kumi na upekue kila parokia iliyomo, pamoja na ile ya mama, maana ndoa kwa desturi ilifungwa kwa bibi harusi na mtoto wa kwanza mara nyingi alibatizwa huko.

Uwezekano wa pili ni kwamba walikuwa wa madhehebu mengine: Wabaptisti, Wamethodisti, Wakweka, Wakatoliki. Rejista nyingi za makanisa hayo zilikusanywa na serikali baada ya 1837, na sasa ziko Kew. Watu hao, isipokuwa Wakweka, huonekana kwenye ndoa za Kianglikana kati ya 1754 na 1837 kwa sababu ya sheria iliyotajwa katika swali la 4, na pia kwenye maziko, kwa kuwa makaburi ya kijiji yalikuwa yale ya kanisa.

15. Nafasi ya baba imeachwa wazi. Je, naweza kumjua?

Parokia ilitaka kumjua kuliko wewe, kwa kuwa mtoto asiye na baba alikuwa mzigo wa kodi. Mama alihojiwa, na aliyetajwa alitakiwa kuweka dhamana au kulipa kwa wiki. Hati hizo ziko pamoja na zile za swali la 11. Mtoto kupewa jina la kati linalofanana na jina la ukoo la mtu mwingine ni dokezo zuri. Baba aliyetajwa kwenye cheti cha ndoa cha mtoto huyo miaka ishirini baadaye apokewe kwa tahadhari: wengine walibuni baba ili kuficha aibu mbele ya kasisi.

16. Mnara wa vita kijijini unasema ndugu yetu alifia Afrika Mashariki. Nimtafute wapi?

Hili hutokea, na hapa msomaji wa Kiswahili yuko karibu kuliko Mwingereza. Kikosi cha pili cha rejimenti ya Uingereza ya Loyal North Lancashire, kwa mfano, kilipigana Tanga mwezi Novemba 1914, na wengi katika kampeni ile waliuawa na maradhi kuliko risasi. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha inayotafutika bure, na makaburi yenyewe yapo Tanga, Dar es Salaam, Morogoro, Moshi na Taveta. Mafaili ya askari wa kawaida yaliungua kwa sehemu kubwa katika shambulio la mabomu London mwaka 1940, kwa hiyo usishangae ukikuta medali tu.

17. Je, Waafrika wamo katika rejista za vijijini?

Wamo, wengi wakiwa watumishi waliobatizwa wakubwa katika karne ya 17 na 18, mara nyingi bila jina la ukoo. Anayejulikana zaidi ni Scipio Africanus, mtumishi aliyefariki mwaka 1720 akiwa na miaka 18, ambaye jiwe lake la kaburi bado lipo Henbury, wakati huo kijiji nje ya Bristol.

Hata hivyo rejista huandika matukio, na mgeni asiyebatizwa, asiyeoa na asiyezikwa hapo hupita bila alama. Chuma na Susi, waliobeba mwili wa Livingstone hadi pwani, walikuwa wageni wa kasisi Horace Waller wa Twywell, Northamptonshire, mwaka 1874, wakimsaidia kuandaa shajara za mwisho za marehemu. Habari zao hutafutwa katika barua na magazeti, si katika vitabu vya kanisa lile.

18. Mti wa ukoo wa jamaa mmoja mtandaoni unafika mwaka 1066, Wanormani walipoiteka Uingereza. Niunakili?

Usiunakili. Kabla ya mwaka 1538 hakuna rejista, na mtu wa kawaida huonekana tu pale ambapo ardhi au faini ilimgusa. Njia ya kweli ni nyaraka za mahakama za umwinyi, yaani milki ya ardhi ya bwana mmoja na wapangaji wake: mpangaji alipofariki, mahakama iliandika kifo chake, jina la mrithi na ada aliyolipa ili kuingia katika shamba, na katika baadhi ya vijiji mlolongo huo hurudi hadi karne ya 14. Umiliki wa namna hiyo ulifutwa kuanzia tarehe 1 Januari 1926. Hifadhi ya Taifa ina daftari linaloonyesha nyaraka za kila umwinyi ziko wapi. Tafuta humo jina la parokia yako, na kumbuka kwamba parokia moja inaweza kuwa na mamwinyi watatu, kila mmoja na vitabu vyake.